Stesheni ya kijijini ilijengwa lini, na ilifungwa lini? Jibu kwa msomaji wa njia ya Tanga

*"Kijiji chetu kipo kando ya reli, katikati ya Korogwe na Mombo. Tuna jengo la stesheni iliyokuwa ya abiria. Sasa milango imeng'olewa, popo wamejaa, na treni inapita bila kusimama. Kamati ya shule imenipa kazi ya kuandika historia yake, na ikiwezekana jengo tuligeuze chumba cha kumbukumbu. Shida ni kwamba kila mzee ana mwaka wake. Mmoja anasema Mjerumani alilijenga kabla ya vita, mwingine anaapa ni 1963. Kwenye kipande cha reli nyuma ya ghala nimesoma 1910. Kuhusu kufungwa, yupo anayesema ni Jumuiya ilipovunjika, na yupo anayesema alipanda treni hapo miaka ya themanini akiwa na watoto wawili. Nimwamini nani? Nianzie wapi? Na si kweli kwamba jengo la Mjerumani linalindwa na serikali?"*

Pole na hongera kwa pamoja. Naona kinachokusumbua zaidi si tarehe, ni hofu ya kumwambia mzee mmoja mbele ya wenzake kwamba amekosea. Huenda usifike huko. Stesheni haina mwaka mmoja wa kuzaliwa wala mmoja wa kufa. Kuna mwaka reli ilipofika, mwaka treni zilipoanza kusimama hapo, na mwaka jengo hili unaloliona leo lilipopandishwa, ambalo huenda ni la pili au la tatu mahali pale pale. Kwenye kufungwa ni hivyo hivyo: kuna siku abiria walipoacha kuchukuliwa, siku stesheni masta alipoondolewa, na siku njia ya kupishania treni ilipong'olewa. Mara nyingi wazee wanaobishana wanazungumzia matukio tofauti, na kila mmoja yuko sahihi kwa lake.

Tuanze na reli yenyewe, maana hapo una mipaka isiyobishaniwa. Ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi ya Kijerumani. Treni zilifika Pongwe 1894 na Muheza 1896, kisha kazi ikakwama kwa sababu kampuni iliishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, ikaifikisha Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909 na Moshi 1911. Arusha ilisubiri Waingereza hadi 1929. Kwa kijiji chenu maana yake ni moja: hapakuwa na treni kabla ya 1902, na kufikia 1905 reli ilikuwa imeshapita. Ukikuta andiko linalosema stesheni yenu ni ya 1896, mwandishi amechukua mwaka wa Muheza akaubandika njia nzima. Kosa hilo ni la kawaida sana.

Kauli ya "Mjerumani alijenga" nayo iandike kwa uangalifu. Mjerumani alichora, akalipa na akasimamia. Tuta lilipandishwa kwa majembe na vikapu na vibarua wa Kiafrika, wengi wao wakiwa Wanyamwezi na Wasukuma waliotoka mbali kutafuta kazi kwenye reli na mashamba ya Usambara. Ukiwa na familia kijijini ambazo mababu zao walikuja hivyo, hiyo ni historia ya stesheni yenu kuliko jina la gavana yeyote.

Sasa huyu wa 1963. Usimcheke. Kabla ya mwaka huo, njia ya Tanga na Reli ya Kati hazikuwa zimeunganishwa ndani ya Tanganyika. Njia ya Tanga ilikuwa imeungana na Kenya tu, kupitia Kahe, Taveta na Voi, kwa reli ambayo Waingereza waliijenga haraka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kuingiza majeshi. Mwaka 1963 ikafunguliwa njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, karibu na Korogwe, na treni za kutoka Dar es Salaam zikaanza kupita kwenu kwenda Moshi. Kwa kijana wa wakati ule, stesheni "ilianza" siku hiyo. Inawezekana kabisa pia kwamba jukwaa lilirefushwa, nyumba za wafanyakazi zikaongezwa au jengo likajengwa upya kwa ajili ya msongamano mpya. Kwa hiyo muulize swali dogo zaidi: alipokuwa mtoto, kabla ya treni za Dar, tiketi zilikatwa wapi? Jibu lake litakuambia kama jengo la zamani lilikuwa palepale, lilikuwa jingine, au lilikuwa kibanda cha mabati tu.

Hiyo 1910 uliyoisoma kwenye reli nayo inawapotosha wengi. Viwanda vilivyoviringisha reli viliacha alama zilizonyanyuka ubavuni mwa chuma, yaani jina la kiwanda au kifupi chake, mwaka, na mara nyingine mwezi. Alama hiyo inakwambia chuma kilitengenezwa lini. Haikwambii kililazwa lini, wala wapi. Reli za njia kuu zikichakaa hazitupwi. Huhamishiwa njia za pembeni na maghala, ambako treni hutembea polepole, na baada ya hapo hukatwa zikawa nguzo za uzio, vizingiti vya milango au mihimili ya tangi la maji. Reli yenye 1910 mahali palipofikiwa na treni kabla ya 1905 ni ushahidi kwamba chuma kile kilikuja baadaye, basi. Iandike hivi: "kipande hiki hakikulazwa hapa kabla ya 1910." Kinyume chake ndicho chenye faida kubwa. Ukikuta kizingiti cha mlango ambacho ni reli yenye mwaka fulani, na kimejengewa ndani ya ukuta tangu mwanzo, ukuta huo hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka huo.

Kusoma alama, sugua ubavu wa reli kwa brashi ya waya, pakaza chaki bapa juu yake, kisha piga picha mwanga ukitokea pembeni, asubuhi mapema au jioni. Au weka karatasi nyembamba na usugue mkaa juu yake. Alama hujirudia kila baada ya mita kadhaa, hivyo ikifutika sehemu moja tembea mbele. Fanya hivyo kwenye vipande vilivyolala pembeni tu. Njia yenu bado ina treni, na mtu aliyeinama katikati ya mataruma, yaani vipande vinavyolaliwa na reli, akisoma maandishi hasikii kitu. Usibebe kipande hata kimoja kwenda nacho shuleni bila kibali, kwa sababu chuma cha reli ni mali ya shirika na wizi wake unachukuliwa kwa uzito. Mataruma ya chuma nayo yatazame. Wajerumani waliyapenda huku kwa sababu mchwa hauli chuma, na mengi yana alama za kiwanda.

Baada ya reli, tafuta herufi. Kwenye mbao za majina, makasha ya moto, kufuli, taa, samani, vitabu vya stakabadhi na tiketi kuna vifupisho vya mwenye reli, na hivyo vinatoa kipindi bila ubishi. TR ni Tanganyika Railways ya Waingereza, hadi 1948. EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kuanzia 1948, Tanganyika ilipounganishwa na Kenya na Uganda. EAR peke yake, bila bandari, ni kuanzia 1969 bandari zilipotengwa na kuwa shirika lake, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Baada ya hapo ni TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, halafu TRL, Kampuni ya Reli Tanzania, kuanzia 2007. Hapa kuna mtego: sheria ya 2017 ilirudisha jina la TRC. Kibao chenye herufi hizo kinaweza kuwa cha 1978 au cha 2018, hivyo tazama rangi, skrubu na uchakavu kabla ya kuandika mwaka. Wazee wakiwa na tiketi za zamani za kadi ngumu, zenye ukubwa wa vidole viwili hivi, usizichukue. Zipige picha mbele na nyuma, ukiweka rula kando. Tiketi ya namna hiyo ina jina la stesheni ya kuondokea, ya kwendea, daraja, nauli na namba, na tarehe iligongwa kwa mashine pembeni. Tiketi moja iliyokatwa kwenu yenye tarehe inayosomeka ina nguvu kuliko kumbukumbu za watu kumi.

Jengo nalo lisome, lakini liwe shahidi wa mwisho. Pima matofali mahali plasta ilipodondoka, angalau ishirini, uchukue wastani. Kipimo rasmi cha Ujerumani wakati ule kilikuwa sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. Tofali la Kiingereza lilikuwa fupi na nene zaidi, takriban 23 kwa 11 kwa 7.5. Tofali lililochomwa kienyeji halifuati kipimo cha mtu yeyote, kwa hiyo hii ni dalili tu. Kwangua chokaa ya kuunganishia kwa ufunguo. Ikitoka unga mweupe laini ni chokaa ya zamani, ikikwaruza kwa kelele na kuacha mstari wa kijivu ni saruji. Matofali ya saruji yenye matundu ni ya miongo ya baadaye. Bati lisomwe upande wa chini, ambako muhuri wa kiwanda haukupigwa jua. Ila paa hubadilishwa, na bati jipya juu ya ukuta wa zamani limewadanganya wengi. Tafuta mshono: mahali ukuta mmoja unapogusana na mwingine bila matofali kuingiliana, palijengwa kwa nyakati mbili.

Usiishie kwenye jengo la tiketi. Zunguka mita mia tatu kila upande. Injini ya mvuke ilikuwa na kiu isiyoisha, na ndiyo sababu stesheni nyingi zikawekwa mahali ambapo hakuna hata soko: palikuwa na mto wa kuvuta maji. Msingi wa tangi, bomba la chuma kuelekea mtoni, shimo la kumwagia majivu katikati ya reli, hivyo vyote vinaeleza kwa nini stesheni iliwekwa pale kuliko maelezo yoyote. Sababu ya pili ni kupishana. Reli ni moja, na treni mbili zinazokutana zinahitaji mahali pa mmoja kusubiri. Ya tatu ni shehena. Mkonge uliletwa nchini 1893, na njia ya Tanga ikawa njia ya mkonge, mashamba yakileta marobota stesheni kwa vitoroli vya reli nyembamba. Ukikuta tuta dogo linalotoka mashambani hadi ghala lenu, ndilo hilo. Juu kidogo, Mkumbara, mbao zilishushwa kutoka milima ya Usambara kwa waya wa juu hadi kando ya reli, na Tengeni kulikuwa na reli ndogo iliyopanda kwenda Sigi. Abiria mara nyingi walikuja baada ya mzigo, na waliondoka baada yake pia.

Hapo ndipo penye jibu la kufungwa. Injini za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke, kituo cha maji kikakosa kazi. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba kufifia, ghala likakosa kazi. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, hivyo mizigo iliyokuwa ikipitia Voi ikakatika. Treni zikapungua, na treni zikipungua hapahitajiki mahali pengi pa kupishania. Barabara ya lami na mabasi yakamaliza waliobaki. Kwa hiyo mzee wa 1977 anaweza kuwa anakumbuka kuondoka kwa wafanyakazi wa Jumuiya na mabehewa ya Kenya, na mzee wa miaka ya themanini akawa kweli alipanda treni ya TRC hapo hapo. Watoto wawili ni kipimo kizuri: uliza cheti cha kuzaliwa cha wa pili. Kumbuka pia kwamba treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha 2020 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, lakini inasimama vituo vichache. Stesheni yenu basi haiko kwenye "reli iliyokufa". Ni stesheni iliyofungwa kwa abiria kwenye reli iliyo hai, na tofauti hiyo ina uzito wa kisheria nitakaoueleza hapa chini.

Unapowahoji wazee, usiulize "mwaka gani". Uliza ilikuwa kabla au baada ya kitu: uhuru, Azimio la Arusha la 1967, vita vya Kagera, kifo cha Sokoine 1984, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Uliza nani alikuwa stesheni masta, alikaa nyumba ipi, kengele ilipigwaje, treni ya kwenda Moshi ilipita saa ngapi. Mtu asiyekumbuka mwaka anakumbuka kwamba treni ilimkuta akitoka shule. Wahoji mmoja mmoja kwanza, na kuwakutanisha baadaye. Ukianza na kikao, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa historia. Na watafute waliofanya kazi reli, hasa wa gengi, yaani waliotengeneza njia. Wao wanaijua stesheni kwa kilomita na mifereji yake.

Nyaraka ni hatua inayofuata, na hapa wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wanatafuta jina la kijiji kama linavyoandikwa leo. Wajerumani waliandika Muhesa, Mnyussi, Neu-Moschi, na Lushoto waliiita Wilhelmstal. Andaa orodha ya tahajia nne au tano za jina lenu kabla hujaanza. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho ya shule au halmashauri inayotaja mada kwa usahihi, "reli ya Tanga, kipande cha Korogwe hadi Mombo", siyo "historia ya kijiji". Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa Afrika Mashariki kwenye maktaba yake. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yapo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, Berlin, kwenye kundi R 1001, na mengi yanaonekana bure mtandaoni. Picha za zamani zipo kwenye hazina ya picha za kikoloni ya maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Majalada ya Waingereza yapo London, kundi CO 691. Tafuta kwa maneno Bahnhof kwa stesheni kamili na Haltestelle kwa kituo kidogo cha kusimama tu. Maandishi ya mkono ya Kijerumani ya wakati ule hayasomeki hata kwa anayejua Kijerumani cha leo, hivyo usipoteze wiki ukibahatisha. Piga picha ukurasa na umwombe mhifadhi au mwalimu aliyejifunza mwandiko huo.

Ramani ni njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000 zinaonyesha reli na vituo. Ramani za 1:50,000 za Tanzania, mfululizo wa Y742, zinapatikana kwa wapima ramani wa serikali na zinaonyesha hata njia za pembeni na majengo. Stesheni ikiwa haipo kwenye ramani ya mwaka mmoja na ipo kwenye inayofuata, umeshapata mipaka yako bila kumuudhi mtu.

Kuhusu ulinzi: hapana, jengo halilindwi kwa kuwa tu ni la Mjerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Reli yote ya Tanga ni ya baadaye, kwa hiyo jengo lenu linahitaji kutangazwa rasmi na waziri ndipo lilindwe. Bila tangazo hilo linaweza kubomolewa kihalali. Pia si mali ya kijiji. Ni la Shirika la Reli, na limo ndani ya hifadhi ya reli iliyo hai. Kabla ya kupaka hata rangi, andikeni barua kwa shirika mkiomba mambo matatu tofauti: ruhusa ya kupiga picha na kupima, ruhusa ya kulitumia jengo, na masharti ya usalama, yaani uzio upande wa reli na mlango wa kuingilia upande wa kijiji. Mkiomba yote kwa sentensi moja, jibu la hapana kwa moja litaua yote. Nakala iende kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa idara ya mambo ya kale. Mifano ya kuambatanisha ipo. Sigi, nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni imekuwa kituo cha habari cha hifadhi ya Amani, na Jinja, Uganda, stesheni imegeuzwa makumbusho ya reli.

Msiingie kusafisha kabla ya fundi mwenye ujuzi wa majengo kulikagua. Boriti zilizoliwa na mchwa huonekana nzima hadi mtu aziguse. Vumbi la kinyesi cha popo lililokauka huleta maradhi ya mapafu, hivyo linyunyiziwe maji kwanza na anayelikusanya avae barakoa inayoziba vizuri, na watoto wasiwepo kabisa. Vigae bapa vya kijivu au vya mawimbi mapana vinavyofanana na saruji nyembamba vinaweza kuwa na asibesto. Hivyo havivunjwi, havikwanguliwi wala havifagiliwi, na kuviondoa ni kazi ya wataalamu wenye kibali. Ufa unaoingia kidole, au unaopita kutoka paa hadi msingi, ni wa mhandisi wa halmashauri, siyo wa fundi wa mtaani. Na ukuta wa chokaa usizibwe kwa saruji. Saruji haipitishi unyevu, maji hubaki ndani, na baada ya misimu michache ya mvua tofali huanza kumomonyoka nyuma ya plasta mpya inayong'aa. Mtumie chokaa iliyoloweshwa na mchanga, kiasi cha kimoja kwa vitatu.

Kwenye maandishi yako, kila mwaka uupe chanzo chake hapo hapo: "reli ilifika kati ya 1902 na 1905, jengo la sasa si la kabla ya mwaka fulani, kwa mujibu wa kizingiti, tiketi ya mwisho iliyoonekana ni ya tarehe fulani, mzee fulani anakumbuka treni ikisimama baada ya kifo cha Sokoine." Wazee wote wanne wataingia, kila mmoja mahali pake. Nakala moja ibaki shuleni, moja maktaba ya wilaya, na picha zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, maana simu ya mwalimu mmoja huibwa.